Tripu ya vipepeo Uluguru: mlima safi, Babu nyota tano, ile spika mngeiacha Dar

Wadau, kuna watu kama sita wamenifuata inboksi kuhusu zile picha za vipepeo nilizoweka stetasi wiki iliyopita, ni wapi, bei gani, jamaa wenyewe wanaeleweka au ndio wale wale wa tuma kwa namba hii, sasa nimechoka kurekodi voisi nikaona niandike yote mara moja, atakayesoma asome. Jina la waandaaji silitaji maana kuna sehemu nitawachana na ni vijana wenzetu wanajitafuta. Ila ukikutana na tangazo la tripu ya siku moja Moro lenye picha ya kipepeo wa buluu anayewaka kama taa ya bajaji, jua ndio hao. Na huyo kipepeo mwenyewe msimtafute mlimani, nimekuja kugundua ni wa Amerika Kusini, anaitwa Morpho, Afrika hajawahi kuishi hata siku moja. Yaani jamaa wana mlima mzima wenye vipepeo wa kwao halafu wanaenda kudownlodi wa Brazil. Anyway.

Nianze na hela. Elfu 85 kwa kichwa, unalipia lipa namba. Humo ndani kuna tiketi ya SGR kwenda na kurudi, daraja la kawaida Dar hadi Moro tulikatiwa za 13,000, kwa hiyo 26,000 imeshaondoka, inabaki 59,000 ya Kosta ya kule Moro, kibali cha kuingia msituni, waongozaji wawili, maji chupa mbili na msosi wa mchana. Nilipiga hesabu kwenye simu kama mtu wa TRA nikaona sio wizi. Mkijikusanya wanne watano mkaenda wenyewe mnaweza mkaokoa kidogo, ila mhangaike na kibali na kutafuta mtu wa kuwapeleka, kila mtu na roho yake. Kilichoniudhi ni tisheti. Tumefika stesheni ndio tunaambiwa kuna tisheti ya elfu 15 na ni lazima, eti tusipoteane. Sasa mbona hamkusema mapema? Halafu rangi yenyewe njano kali kama kizibao cha mafundi wa barabara, kifuani maandishi makubwa hata sijui yanasema nini, nimeshaifanya ya kudekia.

Kwanini nilienda. Februari ya Dar mnaijua, feni inapuliza moto, unaoga saa nne usiku saa tano umeshalowa tena, umeme ukikatika ndio unaanza kumkumbuka Mungu. Mdogo wangu wa kike akanitumia tangazo akasema kaka twende tukapate hewa, na mume wake yaani shemeji akasema na yeye yumo, ingawa yeye alivyoona neno Morogoro alielewa nyama choma, hivyo vipepeo aliona ni mapambo ya tangazo tu. Mdogo wangu ana goti linamsumbua tangu alipoanguka kwenye ngazi za ofisini kwao, na hilo goti ndilo lililotufanya tuone vipepeo, nitaeleza.

Treni sina neno. Fika mapema, beba kitambulisho, mizigo inapita kwenye mashine, ukikaa unakuta Pugu, Soga, Ruvu, unasinzia kidogo, Ngerengere, ushafika. Sisi tuliozoea kukaa foleni Kibaha tukanunua korosho na mayai ya kuchemsha mpaka Chalinze, mpaka leo bado naona kama mchezo. Shemeji alikuwa anaangalia ile skrini ya spidi muda wote kama vile yeye ndiye dereva.

Sasa matatizo yakaanza pale Moro. Kosta haipo. Stesheni iko nje kidogo ya mji kwa hiyo huwezi kusema utembee, tukasimama juani watu 31 na tisheti zetu za njano kama tumekuja kupinga kitu, tukakaa karibu saa nzima, kila ukiuliza unaambiwa "iko hapo mzunguko". Mzunguko gani huo usioisha? Mimi nilichemka nikamwambia yule dada mratibu kwamba tumeamka saa tisa usiku ili tufike mlimani asubuhi na mapema, sasa jua linapanda, vipepeo wataisha. Nilisema kabisa hivyo, wataisha, kama chapati. Mkumbuke hilo neno.

Tukapita mjini kuchukua mambo ya kibali, hapo walikuwa wamejipanga, karatasi zilikuwa tayari, dakika kumi tumeondoka. Tumeanza kupanda kwa miguu ni saa nne na robo hivi. Njia tuliyopita ni ya kwenda Morningside, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1911 lililoko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Moro uko kama 500, kwa hiyo unapanda mita mia nane hivi, sio Kilimanjaro lakini kwa mtu wa Tabata ambaye mlima wake mkubwa ni daraja la Tazara ni kazi. Lupanga yenyewe, kile kilele kinachoonekana ukiwa mjini, iko juu zaidi, mita 2,100 na ushee, huko hatukwenda na kwa siku moja msidanganywe.

Waongozaji walikuwa wawili. Mmoja kijana, filimbi shingoni, buti kali, miwani, huyo akashika mbele. Mwingine mzee wa Kiluguru, ndio huyo Babu, ndala za tairi, panga dogo, na kopo la rangi la plastiki lenye kifuniko ambalo alilibeba kama mtoto mchanga. Huyu akapangiwa mkia, yaani kukusanya wale wanaochoka. Na mbele huko kulikuwa na spika. Wadau, ile spika. Mtu anapandisha mlima wa Uluguru na spika ya blutuu mgongoni inapiga singeli. Mimi singeli naipenda, nimekulia Mbagala, lakini singeli ina mahali pake na pale sipo. Kijana anapuliza filimbi "twende twende twende", watu wanakimbia kama jeshi la mgambo, robo saa tu goti la mdogo wangu likagoma, tukabaki nyuma sisi watatu, dada mmoja mnene hivi mcheshi sana na mwanae wa miaka kama tisa, na wanandoa wazee waliokuwa wanatembea wameshikana mikono. Saba. Pamoja na Babu nane. Singeli ikapotea kona ya juu huko, na mimi bado nimenuna kwamba elfu 85 yangu inaenda kukusanya wagonjwa.

Babu akasema, "Afadhali. Sasa tunaweza kutembea."

Kama dakika ishirini mbele kuna kijito kinakatiza njia, sio kikubwa, maji hadi kwenye kifundo, pembeni kuna tope la mchanga ambapo watu wanachotea maji. Babu akanyoosha mkono tusimame. Mimi nilidhani nyoka. Akatuonyesha lile tope, nikaona kama mtu amemwaga vipande vya karatasi za rangi, halafu vile vipande vikaanza kupumua. Yaani mbawa zinafunguka na kufunga taratibu. Walikuwa arobaini au hamsini, sijui, nilianza kuhesabu nikaacha. Weupe wadogo wamekaa pamoja kundi moja kama watu wa kijiwe cha kahawa, weusi wakubwa wenye mkanda wa buluu inayoingia kwenye kijani katikati ya mbawa, wengine wana madoa ya kijani kama vioo vya msikiti na hao hawatulii, miguu imekanyaga tope lakini mbawa zinatetema muda wote kama pikipiki iliyoachwa inaunguruma.

Nikauliza wanafanya nini. Babu akasema wanatafuta chumvi. Nikadhani ananipiga fiksi, lakini nimesoma baadaye ni kweli kabisa, maua yana sukari lakini chumvi hayana ya kutosha, kwa hiyo wanakuja kuinyonya kwenye tope kwa ule mrija wao. Na karibu wote pale walikuwa madume. Dume anakusanya chumvi halafu akipanda jike anampa humo humo, inaenda kwenye mayai. Babu aliiweka hivi, "Wanaume watupu hao, wanatafuta mahari." Yule mama mcheshi akamgeukia shemeji akasema umeona wenzako. Halafu Babu akasema kwa sauti ya chini kabisa kama anatoa siri ya serikali, kwamba mkitaka wawe wengi zaidi kesho, mwanaume mmoja aende akojoe pale kwenye mchanga leo. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Shemeji akauliza "Babu, kweli?" na Babu hakucheka, akasema chumvi ni chumvi tu mwanangu. Sisemi kilichotokea wakati wa kurudi, ila shemeji alichelewa kidogo pale kijitoni.

Na jasho nalo wanalipenda. Kipepeo mmoja wa kahawia asiye na makeke alikuja akatua kwenye mkono wa yule mzee mwanandoa, akakunjua mrija akaanza kunyonya, mzee wa watu akasimama kama sanamu ya Askari pale Posta, mke wake anampiga picha, dakika tatu nzima hakuna aliyeongea. Nilijikuta na mimi nimebana pumzi.

Hapo ndio nikamuuliza Babu kama tungewahi, mfano saa moja asubuhi, tungewaona wengi kiasi gani. Akaniangalia kwa huruma. Akasema saa moja mngekuta majani. Kipepeo sio ndege mjukuu wangu, kipepeo anaamka jua likishawaka. Damu yao haina moto wake yenyewe, misuli ya mbawa lazima ipate joto karibu na lile la mwili wa mtu ndio aweze kuruka vizuri, ndio maana asubuhi unawakuta wametandaza mbawa juani kama nguo za kufua. Muda wao mzuri ni kuanzia saa tatu hadi saa nane mchana. Kwa hiyo ile Kosta iliyokuwa mzunguko, na makelele yote niliyompigia yule dada wa watu, kumbe ndio ilituweka pale kijitoni kwenye saa tano ya jua kali. Sitamuomba msamaha maana Kosta kuchelewa ni Kosta kuchelewa, lakini ile "wataisha" yangu naifuta.

Kopo sasa. Tulikuwa tunasikia harufu tangu tunaanza, kama pombe hivi, kama jalala hivi, na kila mtu alikuwa anamshuku mwenzie kimoyomoyo. Tulipofika kwenye kivuli cha miti mikubwa pembeni ya migomba, Babu akafungua lile kopo, ndizi mbivu zilizooza zimetiwa na kapombe kidogo, zimekaa siku tatu. Akapaka kwenye shina la mti kimo cha kifua, akatuambia mkae. Tukakaa. Dakika kumi hakuna kitu, mtoto anauliza maswali mia, ya kumi na mbili ikapita kitu kama jiwe limerushwa, ikageuka, ikatua kwenye ule uozo. Kipepeo mnene, mbawa ngumu, nyuma ana mikia miwili miwili mifupi, upande wa chini wa mbawa, ule unaoonekana akizifunga, ana michirizi na madoa ya fedha na kahawia kama kitambaa cha bei mbaya. Hawa kwa kitaalamu wanaitwa Charaxes, maua hawana habari nayo, wao ni matunda yaliyooza, utomvu wa miti na mavi ya wanyama, akipata mavi ya chui ndio sikukuu. Angalia uzuri wote ule. Wakaja watatu, wanasukumana na mbawa kama walevi wa kilabuni wanaogombania kata moja, na walivyokolea unaweza ukasogea hadi sentimita kumi simu iko mkononi wala hawajali. Ile picha yangu ya stetasi mliyoniuliza nimetumia kamera gani, ni simu hii hii ya kioo kilichopasuka, kipepeo alikuwa bwii.

Kitu kilichonipeleka mbali zaidi lakini ni mambo ya feki. Kulikuwa na kipepeo mkubwa wa rangi ya maziwa na mistari myeusi, ana mikia, anapita pita juu ya vichaka. Babu akasema huyo dume. Halafu akatuonyesha mwingine chini kivulini, mweusi na madoa meupe, hana mkia, umbo jingine kabisa, akasema na huyu ni jike la yule yule. Tukakataa. Mimi nikamwambia Babu hao ni makabila mawili tofauti. Akasema kaangalieni. Basi nimeangalia, Papilio dardanus, ni maarufu duniani kwa hili. Jike hana sumu yoyote, lakini anavaa sura ya vipepeo wengine ambao ni wachungu na ndege hawawagusi, na sio sura moja, majike wa jamii hiyo hiyo wana sura nyingi tofauti, mmoja anaiga huyu mwingine anaiga yule. Dume yeye kabaki na nguo yake ya asili na mikia yake. Madagascar na Komoro hata majike wanafanana na madume, huko hawajaingia kwenye biashara ya kuiga. Mimi nina fremu Kariakoo nauza viatu, mambo ya kopi na orijino ndio chakula changu, na nawaambia sijawahi kuona kopi safi kama ile, hata mteja mwenye macho makali angeondoka nayo.

Na wa namna hiyo wapo hapa hapa Dar. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, anayepita taratibu uwanjani kama hana kazi, mnamuona kila siku. Yule ana sumu anayoipata tangu akiwa kiwavi kwenye mimea yenye maziwa maziwa, ndio maana hana haraka, anajua hakuna wa kumla. Ila baadhi ya hao unaowaona sio yeye, ni jike la kipepeo mwingine anayeitwa Hypolimnas misippus, amevaa jezi yake. Dume la huyo feki ni jeusi na madoa makubwa meupe yenye ukingo wa zambarau. Nimeishi na hao watu miaka 34 bila kujua nani ni nani.

Mtoto alikamata mmoja. Alimbana mbawa kwa vidole, akabaki na unga unga, mama yake akaanza kupiga kelele asijiguse machoni atapofuka, ndivyo tulivyoambiwa sote utotoni. Babu akamwambia mama hapofuki, ila kipepeo ndio kapata hasara. Ule unga ni magamba madogo yamepangwa kama vigae vya nyumba, yakitoka hayaoti tena. Hakumgombeza. Alimfungua vidole kimoja kimoja, kipepeo akaondoka upande upande.

Saa saba kasoro wingu likaja. Hii ni Uluguru, wingu halipigi hodi. Jua likafunikwa na ndani ya dakika mbili tatu hakuna kipepeo hata mmoja, kama mtu amezima swichi. Babu akainua jani moja pana akatuonyesha mmoja amening'inia chini yake, mbawa zimefungwa, ukiambiwa ni jani kavu unakubali. Tulivyokuwa tunapanda polepole kwenye ule ubaridi Babu akawa anatupigia stori, mpwa wake mmoja kaoa Muheza, na kule juu Amani, Usambara Mashariki, wanavijiji walikuwa wanafuga vipepeo na kuuza pupa wake nje, kwenye zile bustani za maonyesho za Ulaya na Marekani, hela ikawa inaingia mpaka 2016 serikali iliposimamisha kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na vipepeo wakabebwa humo humo. Nikamuuliza yeye hajawahi kufikiria kufuga. Akasema wa nini, mbona wanakuja wenyewe. Halafu akaonyesha bonde akasema haya maji ya hapa yanaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndio mnakunywa nyie huko Dar. Kisha akaangalia shemeji. "Kwa hiyo ukikojoa, kojoa mchangani, sio mtoni."

Morningside tumefika wenzetu wameshakula. Wanatuangalia kama wagonjwa waliotoka wodini. Pilau imepoa, nyama mimi nilipata mfupa na mtazamo, kachumbari ilibaki maji, hiyo ni pointi nyingine wanapoteza, watu wa mkiani wanalipa hela ile ile. Jengo lenyewe ni kuukuu, mandhari ndio yenyewe, wingu likifunguka unauona mji wote chini. Kukawa na jamaa mmoja mpiga picha waliyemleta na droni, kapiga tisheti za njano kutoka juu, picha zaidi ya 200 tumetumiwa kwenye grupu la wasapu, nimezipitia zote, vipepeo sifuri. Kijana mmoja wa kundi la mbele akatuuliza kwa kulalamika, "Hivi nyie mmeona kipepeo hata mmoja? Sisi tumeona wawili watatu tu, tumepigwa." Mdogo wangu akatoa simu akamuonyesha wale walevi wa kwenye mti. Jamaa akanyamaza, akaenda kumuita mratibu, zogo likaanza, wengine wanataka warudishiwe hela. Na walipita njia ile ile, kijito kile kile, wamekanyaga lile tope, tulikuta alama za raba zao.

Kusema haki, yule dada mratibu alijitahidi. Alisikiliza, hakujibu jeuri, wakati wa kushuka akaizima spika mwenyewe na akamhamishia Babu katikati. Jua lilirudi kidogo saa tisa hivi, wachache wakaonekana, watu 31 wamemzunguka Babu wanamwekea kivuli kila kipepeo anayetua, na kipepeo kivuli hakipendi, ukimfunika na kivuli chako anajua adui kaja. Kwa hiyo waliona, lakini wa kuruka. Jumatatu yake wakaturudishia ile elfu 15 ya tisheti kwa wote, hiyo sikuitegemea, heshima kwao.

Kwa hiyo nyota. Treni na kibali na usafiri kwa ujumla nawapa tatu, msosi moja na nusu, spika sifuri, Babu tano na nyingine nimuongezee kutoka kwangu. Wakiuliza nirudi, narudi, lakini nitawapigia kwanza simu niulize Babu yupo au hayupo, kama hayupo naenda Kigamboni naogelea. Nilimuuliza analipwa shilingi ngapi kwa siku, alinitajia, sitaiandika hapa maana mtakosa raha. Mkienda mpeni chochote mkononi, na msimpe mbele ya kijana wa filimbi.

Mambo madogo madogo kwa wanaotaka kwenda: vaeni raba yenye meno maana baada ya mvua ule udongo mwekundu ni sabuni, bebeni koti jepesi hata kama Dar inaungua, na ukitaka kumpiga picha kipepeo mfuate chini chini na polepole, usimjie kwa juu. Darubini ndogo ikiwepo ni nzuri, kulikuwa na weupe fulani wanaopita juu kabisa ya miti sikuambulia kitu. Na ukiwa na goti bovu, usilifiche.

Tumerudi Dar usiku, joto lile lile limetusubiri mlangoni. Asubuhi Jumapili nimetoka uani kupiga mswaki, tuna mndimu pale kwenye ndoo kubwa, wa mama mwenye nyumba, nikaona vitu kwenye majani kama mavi ya ndege. Zamani ningepita. Nikainama, nikakuta yale mavi yana miguu. Viwavi wadogo kumi na moja, na wawili wakubwa wameshageuka kijani, nikamgusa mmoja na ncha ya mswaki akatoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, harufu kali mpaka nikarudi nyuma. Hawa ndio yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezunguka kwenye miti ya ndimu na machungwa mtaani kote, mama yao anatua anaonja jani kwa miguu, akishahakikisha ni ndimu kweli ndio anataga.

Mama mwenye nyumba akatoka na bomba la dawa mkononi. Nikasimama mbele ya ndoo. Nikamweleza yote, Uluguru, Babu, chumvi, kopi na orijino, nimeongea kama dakika tano na povu la dawa ya meno mdomoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, mama wa watu ana subira. Akaweka bomba chini akasema, "Sawa baba, wakae. Ila hao wapangaji wako wakinimalizia majani, ndimu za supu utaninunulia wewe mpaka mwezi wa sita."

Jana nimehesabu, wamebaki saba. Na ndimu sokoni Tabata ni mia mia.